Jirani Aliyecheka Msibani

Wanafunzi wangu thelathini na mmoja waliandika, katika mtihani mmoja na siku moja, jambo ambalo halimo kitabuni. Waliandika kwamba jirani aliyecheka kwenye msiba wa Kiingereza alikuwa mtani wa marehemu. Waingereza hawana watani. Msahihishaji, mwalimu wa shule nyingine ambaye hakutujua, aliandika juu ya bahasha kwa wino mwekundu: "Wamenakiliana. Nashauri wasiruhusiwe kufanya somo hili." Bahasha hiyo iliwekwa mbele yangu wiki kumi kabla ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Hakuna aliyekuwa amenakili. Kosa lilikuwa langu, na nililitenda siku ambayo niliamini nimefundisha vizuri kuliko siku zote.

Nimestaafu miezi michache iliyopita, na walimu vijana wa idara wameniomba niwaandikie yale ninayoyakumbuka. Vyeo sitavitaja. Vimo ndani ya jalada langu, na jalada limo ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulipotea. Nitaandika zaidi juu ya miaka ya mwanzo, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kazi. Jina la shule nitaliacha. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni ya Manyoni, na waliosoma pale wataijua.

Nilishuka kwenye treni asubuhi nikiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Mwalimu Mkuu, Elia Msengi, alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake. Alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na viatu vina udongo wa shambani.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Anjela? Ndiye fasihi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Fasihi ya Kiingereza."

"Niliomba mwalimu wa kilimo." Alilitazama sanduku langu kana kwamba huenda mwalimu wa kilimo yumo ndani. "Jembe unalijua?"

"Mimi Mnyaturu wa Ikungi, Mwalimu. Nimekua nalo."

"Haya. Basi tumepata nusu."

Akalifunga godoro nyuma ya baiskeli, tukatembea.

Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, na elimu ya kujitegemea ilikuwa inaanzia alfajiri. Tulilima kwanza, kisha tukafundisha. Shule ilikuwa na shamba la uwele, la mtama na la alizeti, na banda la kuku ambalo lilikula zaidi ya lilivyotaga. Wanafunzi waliingia kipindi cha kwanza wakiwa na umande miguuni, nami nilikuwa nafungua riwaya juu ya mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, ambako watu walikuwa wanalalamika kwamba mvua haikatiki. Darasa la watu wa Singida likisikia malalamiko hayo hutazamana.

Mwalimu Msengi alinipa sheria moja, na nimeishika mpaka siku nilipokabidhi chaki. Alisema, "Mwalimu anayeandika alichofundisha ana kumbukumbu. Anayeandika alichoulizwa ana kazi." Nikanunua kaunta buku nene, nikawa naandika humo kila swali la mwanafunzi ambalo sikuweza kulijibu. Kurasa zilijaa haraka. Kwa nini mtu akifa wanafunga mapazia? Chai yao ya jioni ni chakula au ni chai? Kijana wa kitabuni amejuaje, kwa kumsikia mtu akisema neno moja tu, kwamba mtu huyo ni wa hali ya chini? Kama baba ana kazi ya kudumu kiwandani na nyumba ya matofali, umaskini wake uko wapi? Swali hilo la mwisho liliulizwa na watu saba, na nililiogopa kuliko yote.

Nieleze kitabu chenyewe, maana kila kitu kilitokana nacho. Ilikuwa riwaya fupi ya miaka ya baada ya vita. Baba ni mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mtoto wake wa kiume amefaulu, akapelekwa shule ya watoto wa wakubwa, kisha chuo, na huko amejifunza kuvaa, kula na kusema kama wao. Baba anakufa. Kijana anarudi kuzika, na kila anachofanya mama yake kinamtia aibu: namna anavyoshika kikombe, namna anavyosema. Baada ya maziko watu wanakaa mezani. Jirani mmoja, muuza makaa, anasema, "Afadhali. Sasa amepata kitanda cha peke yake," kisha anacheka kwa sauti. Kijana anasimama na kumfukuza. Mama anamfuata jirani barabarani, na sura inaishia hapo.

Tulikuwa na nakala kumi na tisa kwa wanafunzi thelathini na mmoja. Sura ngumu nilizipiga chapa kwenye stensili, kisha tukazitoa kwa mashine ya kurudufu ambayo ilishikilia wino kama mgonjwa anavyoshikilia dawa mdomoni. Mikono yangu ilikuwa myeusi kila Ijumaa. Siku ya sura ya maziko, Yona Chilongani, Mgogo wa Kintinku ambaye hakuwahi kukaa na swali, alisimama kabla sijafuta ubao.

"Mwalimu, huyu aliyecheka ana wazimu?"

"Hapana."

"Amelewa?"

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Basi amewezaje kucheka mbele ya mjane?"

Nilikuwa nimeona macho yao yamelala tangu ukurasa wa kwanza, na nilitaka kuwaamsha. Nikasema, "Mfikirieni kama mtani."

Darasa liliwaka. Yona alituambia kwamba babu yake alipokufa, Mnyamwezi mmoja wa pale stesheni alikuja akalala mlangoni, akaigiza mwendo wa marehemu na kikohozi chake, akakataa kuondoka mpaka apewe kuku. Bibi mwenyewe, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka hadi shuka ikamwanguka. Kila mtu alikuwa na kisa chake. Mmoja alisema kijana wa kitabuni alikuwa mjinga, angempa jirani kuku yakaisha. Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Nilikwenda ofisini nikaandika kwenye maandalio yangu: "Somo limefaulu."

Vijana mnaofundisha sasa, ogopeni siku kama hiyo. Nilikuwa nimewapa daraja la kuvukia, wao wakajenga nyumba juu yake.

Mtihani wa majaribio ukaja, na swali la pili likawa juu ya jirani yule. Shule zilikuwa zinabadilishana karatasi ili mwalimu asisahihishe wanafunzi wake. Ndipo bahasha ikarudi na maandishi mekundu. Mwalimu Msengi aliniita, akaniachia niisome nikiwa nimesimama.

"Wamenakiliana?"

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi."

"Wewe umewanakilisha?"

"Niliwaambia jirani ni kama mtani."

Mwalimu Msengi aliichukua tena bahasha. Yeye mwenyewe alikuwa mcheshi sana misibani, na nadhani alikuwa anaona jinsi ilivyotokea. "Anjela," akasema, "wilayani wameshasikia. Mkaguzi anakuja. Akiamini wamenakili, hawafanyi mtihani wa fasihi, na vipindi vyako vinakwenda kwenye kilimo. Wapo watoto hapa wasio na hesabu wala fizikia. Unawajua."

Niliwajua. Wa kwanza wao alikuwa Zainabu Ntandu. Baba yake alikuwa katika genge la reli, wale wanaume wanaokaza misumari na kupanga mawe chini ya mataruma juani. Hesabu zilimshinda kabisa, lakini alikuwa anasoma ukurasa kama mtu anayepita kwenye nyumba ya mtu mwingine, bila kugusa kitu na bila kusahau kitu. Kidato cha tano kwake kilikuwa na mlango mmoja tu: historia na fasihi. Fasihi ikifungwa, na mlango umefungwa.

Mkaguzi alifika na gari lenye vumbi mpaka kwenye vioo. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakutaka hotuba. Aliomba chumba kisicho na dirisha linalotazamana na darasa, tukampa stoo ya majembe, akawa anaita mwanafunzi mmoja mmoja. Mimi niliruhusiwa kukaa pembeni na kufunga mdomo.

"Jirani huyu alicheka kwa nini?" alimwuliza Yona.

"Alikuwa mtani, Bwana Mkaguzi."

"Mtani wa kabila gani?"

"Mnyamwezi," alisema Yona bila kusita, kisha akafikiri. "Au Mnyamwezi wa kwao huko."

Msichana aliyefuata alisema jirani hakuwa mtani wa kabila, alikuwa shemeji, na shemeji ana haki ya kutania. Mwingine alisema marehemu na jirani walikuwa wametiwa jando pamoja, jambo ambalo nadhani lingemshangaza mwandishi. Mmoja alitetea kwamba kosa lilikuwa la mama, kwa kutomwambia mtoto wake watani wa ukoo ni akina nani kabla hajaenda shule. Mkaguzi alikuwa anaandika haraka. Mara moja alisahau kazi yake, akauliza, "Lakini mtani anafukuzwaje msibani? Si laana hiyo?" Mwanafunzi akajibu, "Ndiyo maana mama alimkimbilia, Bwana." Mkaguzi akatikisa kichwa, akajikumbuka, akapiga mstari.

Zainabu aliingia wa mwisho. Alisimama wima kati ya majembe na madebe ya mbegu.

"Jirani alicheka kwa nini?"

"Sijui, Bwana."

"Uliandika mtani."

"Niliandika mtani kwa kuwa Mwalimu alisema mtani, na nilidhani Mwalimu ndiye atakayesahihisha."

Nilitazama chini. Mkaguzi hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo hukuamini?"

"Hapana. Mtani hafukuziki. Kitabu kinasema alifukuzwa, akaenda."

"Basi unajua nini?"

"Najua kwa nini yule kijana alikasirika."

"Kwa nini?"

Zainabu alitazama madebe ya mbegu. Mkaguzi alisubiri mpaka nikasikia kuku wakiparua nje ya ukuta. Akamruhusu atoke.

Tulipobaki watatu na Mwalimu Msengi, mkaguzi alifunga kalamu zake moja moja. "Hawakunakiliana," akasema. "Wanaonakiliana hawabishani hivi. Wamefundishwa. Sijui kama hilo ni afadhali." Alinigeukia. "Mwalimu, nitaandika wafanye mtihani. Una wiki tisa. Lakini matokeo yakiwa kama haya, nitapendekeza somo liondolewe hapa, na sitaona shida."

"Ndiyo, Bwana Mkaguzi."

"Utafanya nini?"

"Nitafundisha upya," nilisema. Sikujua nitafanyaje. Nilijua tu kwamba sitamwacha Zainabu nje ya mlango ule kwa sababu ya sentensi niliyoitamka ili watu wacheke.

Jumamosi ile, tulipomaliza palizi, niliazima baiskeli ya Mwalimu Msengi nikaenda zahanati ya misheni. Pale alikuwako nesi wa Kiingereza, Hilda, aliyekaa nchini muda mrefu kiasi kwamba Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kigogo. Alikuwa amezaliwa katika mji wa viwanda, binti wa mama aliyefuma nguo. Kwa miaka miwili nilikuwa nimefundisha mji ule bila kumwuliza mtu pekee niliyemjua ambaye alitoka huko. Nilifungua kaunta buku, nikamsomea maswali ya wanafunzi. Alijibu huku anakunja bendeji.

"Mapazia mnafunga kwa nini?"

"Ili mtaa ujue. Na ili mtaa usione. Vyote viwili."

"Chai ya jioni?"

"Kwetu ni chakula. Kwa wakubwa ni chai na kipande kidogo cha keki. Ukiita chakula chako cha jioni 'chai' mbele yao, wameshakujua."

"Na umaskini? Wana nyumba ya matofali."

Aliacha bendeji. "Nyumba ya matofali, choo uani, familia mbili wanatumia kimoja. Lakini hicho si kitu, Mwalimu. Shida ni kwamba ukifungua mdomo tu, mtu anajua mtaa uliozaliwa, na anaamua utakaa wapi."

Kisha nikamwuliza juu ya jirani aliyecheka. Alicheka yeye. "Nilikuwa na mjomba kama huyo. Kila msiba. Wengine walimsubiri afike ndipo wapumue. Wengine walitaka atupwe mtoni."

"Alipewa ruhusa na nani?"

"Hakuna aliyempa. Ndiyo maana hatukujua kama tumshukuru."

Nilirudi naendesha polepole. Sasa nilikuwa na habari. Nilichokosa ni namna ya kuifikisha bila kuwapa daraja jingine la uongo. Njiani nilipita stesheni, nikaziona kota za reli, na nikasimama.

Zilikuwa zimejengwa zamani, kwa mpangilio ambao hakuna aliyekuwa akiutazama tena. Karibu na miti, nyumba kubwa zenye baraza na bomba ndani. Kisha nyumba za makarani, ndogo zaidi, baraza nyembamba, bomba uani. Mwisho kabisa, ng'ambo ya njia, safu ndefu ya vyumba vya watu wa genge, mlango na mlango, bomba moja mwisho wa safu. Nani anaishi wapi kulikuwa kumebadilika tangu uhuru. Kuta hazikubadilika. Tulikuwa tunasema kila siku asubuhi, mstarini, kwamba tunajenga nchi isiyo na matabaka. Nikaona kwamba darasa langu haliwezi kueleza tabaka la Kiingereza kwa sababu hatujawahi kutazama ukuta wetu.

Jumatano niliwapeleka. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni. Kila mmoja alikuwa na karatasi na penseli, na kazi ilikuwa kuandika kinachoonekana tu: hatua ngapi mpaka kwenye bomba, milango mingapi, nani anakaa kivulini saa hiyo. Walifanya vizuri. Yona alipima hatua kwa sauti mpaka mke wa karani mmoja akauliza kama reli inauzwa.

Tulipovuka njia kwenda safu ya mwisho, mwanamke mmoja alitoka na kibuyu cha togwa.

"Karibuni! Ninyi ni wa shule? Wa Zainabu wangu?"

"Shikamoo, mama!" darasa likasema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mbona hakuniambia mnakuja? Ningefagia." Alikuwa anasema kwa sauti kubwa, Kiswahili na Kinyaturu katika sentensi moja, huku akipangusa kikombe kwa upindo wa kanga. "Zainabu yuko wapi? Mwalimu, hajaumwa?"

Niligeuka. Alikuwa nyuma yetu tulipovuka. Sasa hakuwepo. Yona, ambaye aliona kila kitu, alielekeza kwa kidevu upande wa tangi la maji la treni. Mgongo wa sare ya shule ulionekana kidogo nyuma ya nguzo.

"Amebaki kuandika jambo, mama," nilisema.

"Yule na kuandika!" Akatumiminia togwa. Tulikunywa kwa zamu, kikombe kimoja, watu thelathini. Mama aliendelea kutazama juu ya vichwa vyetu.

Zainabu alinijia nikiwa peke yangu siku iliyofuata, wakati wa kumwagilia bustani. Hakuweka ndoo chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Jana mlikuja kwetu kutazama tabaka la chini."

"Tulikwenda kutazama nyumba, Zainabu."

"Wameandika hatua za kwenda bomba letu. Yona ameandika hatua mia na kumi na nne. Mimi nazitembea kila siku, sikuwahi kuzihesabu." "Mwalimu, ungeanza na kwenu."

Akaenda kumwagilia mchicha. Sikumwita. Mwanafunzi akikwambia kweli kwa heshima, hakuna adhabu yake kwenye kanuni za shule.

Ijumaa nilianza na kwetu. Nilisimama mbele ya darasa bila kitabu, nikawaambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilipokuwa chuoni, baba yangu alisafiri kutoka Ikungi kuja kunitazama. Alifika akiwa amevaa lubega, na fimbo yake ya ng'ombe mkononi, na kifurushi cha karanga. Wenzangu waliokuwa nami bwenini wakauliza ni nani. Nikasema, "Ni mtu katumwa kutoka nyumbani." Nilidhani baba hasikii Kiswahili cha haraka. Alisikia. Alinipa karanga, akasema, "Wazazi wako wanakusalimu," akaondoka na treni ya siku hiyohiyo.

Hakuna aliyecheka. Yona aliinamisha kichwa. Nikawaambia wafungue sura ya maziko, wamsome kijana tena, tangu pale mama yake anaposhika kikombe. Walisoma kimyakimya, kisha nikauliza, "Alimfukuza nani mezani?"

Yona akasema, "Jirani."

Yule msichana wa jibu la shemeji akasema, "Mama yake."

Zainabu hakuinua mkono. Alikuwa anaandika, na aliendelea kuandika baada ya kengele.

Wiki zilizobaki tulifanya kazi kama watu waliochelewa kupanda. Kila Jumamosi baada ya shamba kila mwanafunzi aliandika jibu moja, nami nikarudisha Jumatatu. Kila nilipokuta mtani, nilimkata. Majibu ya Nesi Hilda niliyapiga stensili, nikayabandika ukutani, na chini yake niliandika: "Haya ni ya kwao. Msiyachanganye na ya kwetu mpaka muwe mmeyaona yote mawili." Yona alipigana mpaka mwisho. "Sawa, Mwalimu, hawana watani," alisema siku moja, "basi hao wafu wao wanasindikizwa na nani?" Niliandika swali hilo kwenye kaunta buku. Bado limo.

Mwalimu Msengi alikuwa anapita dirishani na kusimama. Siku moja aliingia, akasoma karatasi tatu, akazirudisha. "Wanaandika kama watu waliokwenda huko," akasema. Kwa mtu aliyeomba mwalimu wa kilimo, ilikuwa sifa ya kutosha kwa mwaka mzima.

Mtihani ulifanyika asubuhi ya joto. Karatasi zilitoka ng'ambo na zilirudishwa ng'ambo kusahihishwa. Kulikuwa na swali juu ya tukio la mezani: eleza kwa nini kijana alimfukuza jirani. Nilisimama nje chini ya ukuta kwa saa mbili na nusu. Walipotoka, Yona alinipungia mkono kwa namna iliyonitia hofu. Zainabu alitoka wa mwisho, wino mpaka kwenye kiganja.

"Umejibu lile la jirani?"

"Nimelijibu mara mbili, Mwalimu. Kwanza niliandika jibu tulilofundishwa, la tabaka, lile la Nesi na mapazia. Likaja vizuri. Kisha nikaona nina muda. Nikaandika jingine."

"Jingine lipi?"

"La yule aliyejificha nyuma ya tangi. Na kwamba jirani alikuwa anajaribu kazi ya mtani katika nchi ambayo haikumpa kazi hiyo, na kwamba kijana alilijua hilo ndiyo maana alimchukia."

Nilihisi jua kichwani. "Zainabu, jibu ni moja. Wanasahihisha moja."

"Najua. Msimamizi aliposema dakika tano, nikakata moja."

"Ulikata lipi?"

Alitazama mlango wa chumba cha mtihani. Msimamizi alikuwa anafunga kifurushi kwa kamba na lakiri. "Mwalimu," akasema, "wameshafunga."

Matokeo yalifika baada ya miezi mingi. Somo halikuondolewa, liliendelea pale mpaka nilipohamishwa, na naambiwa lipo. Yona alifaulu kwa alama ambayo sitaitangaza kwa kuwa sasa ni mtu mkubwa. Zainabu alipata alama ya juu kabisa ya fasihi, peke yake katika shule, akaenda kidato cha tano, kisha chuo, kisha akarudi kufundisha. Baba yake alikuja shuleni na kofia yake ya reli mkononi kumshukuru Mwalimu Msengi. Zainabu alisimama kando yake muda wote huo, mbele ya watu.

Nilimwuliza tena mara nne katika miaka iliyofuata alikata jibu lipi, mara ya mwisho tukiwa wote tunasahihisha katika kituo kimoja. Alijibu kwamba yeye alikuwa na miaka kumi na saba, chumba kilikuwa cha moto, alipiga mstari kwenye ukurasa mmoja na kuacha mwingine, na kwamba tangu siku ile amekuwa akijaribu kukumbuka mkono ulikwenda upande gani. Makaratasi yenyewe hayakurudishwa. Niliandika barua kuyaomba. Sijajibiwa.